Sebule ya Mgeni, Ndoo ya Mwenyeji

Julai iliyopita nililala kwa rafiki yangu Moshono, hapa Arusha. Nyumba yake haijatimiza miaka miwili. Sebuleni dari la jipsamu limeshushwa ngazi tatu, kila ngazi na taa zake, na ukibonyeza rimoti taa zinageuka kutoka bluu kwenda zambarau kama ukumbi wa harusi. Runinga ni ya nchi 65. Asubuhi saa kumi na mbili, ukungu wa Meru ukiwa umeshuka mpaka kibarazani, mke wake akanigongea: "Shemeji, maji yako yako tayari bafuni, uwahi yasije yakapoa."

Nikawahi. Bafu lina marumaru mpaka darini. Bomba la mvua linang'aa, kioo kina taa pembeni. Na katikati ya marumaru yale ya bei mbaya imekaa ndoo ya bluu ya lita 20, ndani yake linaelea kopo lililokatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula.

Wakati wa chai nikauliza kuhusu lile bomba la mvua. "Lile bado halina hita, kaka," rafiki yangu akasema. "Mungu akijalia mwakani." Mungu alishajalia. Hita yenyewe, bei yake haifiki hata ngazi moja ya lile dari.

Sisemi hivi kumcheka. Kwangu Sakina nilifanya yale yale. Sofa nilianza nazo, godoro nikalikumbuka baadaye. Sisi watu wa kaskazini tunajenga na kupamba kwa jicho la mgeni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu anakuja, anakaa saa mbili, anasifia dari, anaondoka, na mwenyeji anarudi kwenye ndoo yake. Ninachodai ni kidogo tu: shilingi inayobaki baada ya ada na chakula ianzie pale ambapo mgeni hafiki, yaani bafuni, kitandani na jikoni. Vitu vya huko vingi ni vya bei ndogo kuliko kochi la pembeni, na vinakugusa mwili kila siku.

Nianze na hiyo hita, maana ndiyo inayoogopwa. Watu wanaamini inakula umeme kama kinu cha kusaga. Tupige hesabu. Hita ya kufunga kwenye bomba la mvua, ile ndogo inayochemsha maji yakipita, nyingi zina wati kama 5,500. Ukioga dakika nane inatumia uniti 0.73. Mimi LUKU yangu uniti moja inaniangukia kama shilingi 356 kodi zikiwamo, kwa hiyo kuoga kwangu ni shilingi 261. Soda ni ghali kuliko hapo.

Lakini niseme ukweli wote, kwa sababu wauzaji wa Arusha hawausemi. Ndoo ni nafuu zaidi. Lita kumi za uvuguvugu zinahitaji kama theluthi ya uniti, hata pungufu, kwa sababu unatumia maji machache. Na mkiwa wanne nyumbani, kila mmoja dakika nane kila siku, hesabu inafika uniti 88 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 31,000. Kama uko kwenye ile bei ya chini ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hita peke yake inaweza kukutoa huko, na uniti zako zinapanda bei. Ndiyo maana naiita anasa. Ila ni anasa inayopangika: sisi tunaiwasha kuanzia Juni mpaka Agosti, Arusha inapokuwa friji, na Januari tunaizima. Mji huu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar akikwambia maji ya baridi yanaamsha mwili, mkaribishe Julai.

Pasipofaa kubana matumizi ni kwenye ufungaji. Fundi wangu wa kwanza alichukua umeme wa hita kutoka kwenye waya wa soketi ya jirani, milimita 2.5, akanihakikishia hakuna shida. Wiki ya pili nikaanza kusikia harufu ya plastiki nikioga. Fundi wa pili alifungua kifuniko, akatazama kimya, kisha akanigeukia: "Bosi, huyu aliyekufungia alikuwa anakuua taratibu." Waya ulikuwa umeiva mpaka rangi imegeuka, na ethi, yaani waya wa ardhini, hakuunganisha kabisa. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Inataka njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita 4 au 6, breka yake, na ethi inayofanya kazi kweli. Waya na kazi vilinigharimu zaidi ya hita yenyewe, na sijutii hata senti. Ukinunua, mwambie muuzaji maji yako ni ya aina gani. Za maji ya chumvi zipo tofauti, na ile ya kawaida ukiifunga kwenye maji ya kisima kichumvi haichukui muda inakufa.

Mpangaji atasema: nyumba si yangu. Naelewa, nimepanga miaka tisa. Kanuni yangu ya wakati ule ilikuwa kununua tu kile kinachofunguka kwa bisibisi. Hita inafunguka, pazia linafunguka, balbu inafunguka. Waya unabaki ukutani, kwa hiyo waya ni wa kuzungumza na baba mwenye nyumba kabla hujalipa kodi ya miezi sita, si baada. Ukiwa na fedha mkononi, anasikia vizuri zaidi.

Sasa godoro. Hapa ndipo tunapoibiwa mchana kweupe, na tunaibiwa kwa sababu tunanunua kwa macho. Muuzaji anakuonyesha kitambaa chenye maua, unene nchi 8, na lebo iliyoandikwa kwamba densiti ni ya juu. Mimi nilinunua moja hivyo katika duka moja mjini. Baada ya miezi 14 lilikuwa na shimo katikati, na mimi na mama watoto tulikuwa tunakutana humo tutake tusitake.

Unene si ubora. Densiti ni uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo, na uzito hauwezi kudanganya. Godoro la 5 kwa 6 la nchi 8 lina ujazo wa karibu mita 0.57 za ujazo. Kama kweli ni densiti 30, sponji lazima iwe na kilo kama 17. Kama ni densiti 16, ni kilo 9 tu. Ule mzani wa kuning'iniza wa wauza nyama na viazi unakutosha. Nenda nao dukani. Najua utachekwa. Mimi nilichekwa, kisha muuzaji akatoa godoro jingine kutoka stoo bila mimi kusema neno. Nililipa 420,000. Likinifikisha miaka minane, ni shilingi 144 kwa usiku. Wakati huo huo kochi la watu saba la shilingi milioni na nusu limekaa sebuleni limevaa vitambaa vya kufuma, linamsubiri mchungaji.

Juu ya godoro, usihangaike na duka. Mashuka mazito ya pamba na maduveti ya mtumba ya soko la Kilombero hapa Arusha, au Memorial na Kiboriloni ukiwa Moshi, yanazidi mengi ya madukani ambayo ukiyafua mara tatu yanaota vipele. Lishike dhidi ya mwanga, vuta mshono, nunua. Ukilifikisha nyumbani lifue kwa maji ya moto kabla halijagusa kitanda.

Jikoni ndiko nitakaa kidogo, kwa sababu kwetu Arusha jiko lina jambo ambalo miji mingi haina: floraidi. Yale meno ya kahawia ambayo ukifika Dar watu wanakuuliza kama umetokea Arusha, yanatokana na maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na chemchemi nyingi kuzunguka mlima huu zinazopita hapo kwa mbali. Meno yanaharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo anayelipa ni mtoto. Wewe na mimi tulishalipa.

Watu wanatupa fedha hapa bila kujua. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini floraidi haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inazidi kukolea. Chujio la kawaida la mshumaa wa udongo nalo linazuia uchafu na vijidudu tu. Vinavyoiondoa ni vichache: mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, mashine za kusukuma maji kupitia utando mwembamba, ambazo ni ghali na zinamwaga maji mengi, na chujio kama lile la Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, linalounganisha mchanga na nanoteknolojia, lililompa mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Kabla hujanunua chujio lolote, swali ni moja: linatoa floraidi au halitoi? Muuzaji akianza kukueleza habari za ladha, aga.

Lakini kuna njia ya bei rahisi kuliko zote, nayo inaanguka kutoka juu bure. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba wowote. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 20 linaangusha lita 1,200, ukitoa zinazomwagika na zile za kwanza za kuosha vumbi unabaki na kama elfu moja. Hilo ni simtanki la kawaida limejaa kwa mvua moja nzuri ya Aprili. Kwa maji ya kunywa na kupikia tu, familia ya watu watano haimalizi lita 30 kwa siku. Weka gata, weka bomba la kumwaga maji ya mwanzo, weka wavu mdomoni mwa tanki, na maji hayo uyachemshe kama kawaida, kwa maana ndege wanakaa juu ya bati na hawaendi chooni. Nashangaa jinsi nyumba za Muriet na Olasiti zinavyopigwa rangi mara mbili kabla hazijapata mita moja ya gata.

Kuna na mlango mwingine ambao floraidi inaingilia, nao tunaufungua wenyewe: magadi. Makande bila magadi, mama zetu watakwambia, ni kazi ya siku nzima na mkaa debe zima. Magadi yanalainisha mahindi na maharage haraka, na magadi ya kwetu yana floraidi nyingi. Hapo ndipo jiko la presha la umeme linaponishinda kwa hoja. Nilidhani ni takataka za matangazo. Letu ni la wati 1,000. Hata likiwaka saa nzima mfululizo lingekula uniti moja, shilingi 356, na ukweli ni kwamba likishapata presha linazima na kuwaka lenyewe, kwa hiyo halifiki hapo. Mahindi yaliyokobolewa na maharage, vilivyolowekwa tangu jana yake, vinaiva kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijaisha kama ulianza saa moja. Hakuna magadi, hakuna moshi, hakuna mtu wa kuchochea. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mazungumzo karibu yote ni ya mitungi ya gesi. Mimi gesi ninayo, kilo 15, naipenda kwa chapati na chai. Kwa maharage, makande na utumbo, sahau gesi.

Vitu vidogo nivipitie haraka. Balbu za LED, kama bado una nyumba yenye zile za zamani za wati 60, usimalize kusoma makala hii kabla hujazibadilisha. Kisu: tunakatia nyanya kwa visu butu miaka kumi huku mnoa visu akipita na baiskeli yake kila Jumamosi, anasimama kwenye kona, anainua tairi la nyuma, anaanza kukanyaga pedali, cheche zinaruka, unampa hela ndogo na wiki nzima kitunguu hakikutoi machozi. Wavu wa dirishani uliochanika, ubadilishe. Taa za rangi za darini, nilizinunua. Sitaki kuzizungumzia.

Na kahawa. Nimezaliwa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, chini ya migomba na mibuni. Baba yangu alikuwa mwanachama wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa uliosimama tangu 1933, na nyumbani kwetu tulikunywa chai ya rangi. Kahawa ilikuwa ya kukausha, kupima na kupeleka. Kuinywa ilikuwa kama kunywa ada ya shule. Mpaka leo mtu wa Moshi anakaribishwa kahawa ya mlimani kwake na Mjerumani, tena mgahawani. Pakiti ya gramu 250 ya arabika iliyokaangwa na kusagwa hapa hapa inatoa vikombe 25 vizuri. Nanunua kwa kama 10,000, ni shilingi 400 kikombe. Sihitaji mashine, ninayo sufuria ndogo na chujio la chai. Asubuhi ya Jumapili, kabla kengele ya kwanza haijalia, hicho ni kitu ambacho simpi mgeni.

Kibosho ndiko lilikonipata somo hili, na kwa aibu. Kila Desemba magari yanapanda mlimani, na kila mtoto anarudi na kitu cha kuonyesha. Ukipita Kibosho au Marangu mwezi wa pili utaona nyumba zenye nguzo za duara, sebule zenye viti ishirini, zote zimefungwa, zinafunguliwa wiki mbili kwa mwaka. Sisi watoto watano tulichanga mwaka juzi tukamnunulia mama runinga ya nchi 50 na king'amuzi. Tukapiga naye picha. Mama akashukuru, akaifunika kwa kitambaa.

Usiku ule ulinyesha, mvua ile ya mlimani isiyo na haraka. Saa nane nikasikia mlango wa nyuma. Nikatoka na tochi ya simu nikamkuta mama, miaka 76, kanga kichwani, anashuka kwenye utelezi kuelekea choo cha shimo, mkono mmoja umeshika mgomba. Choo kile cha kuchuchumaa kiko hatua kama arobaini kutoka nyumbani. Magoti yake yanamsumbua tangu 2015. Watoto watano tunajua, na hakuna aliyewahi kukitaja kwenye kikao.

Asubuhi nikamuuliza kwa nini hakusema. "Mngesema mama anataka makubwa," akanijibu, akaendelea kuchambua mboga.

Tulimjengea chumba kidogo kilichoshikana na chumba chake cha kulala. Choo cha kukaa, shimo lake nje, simtanki la lita 500 linalolishwa na gata, balbu ya kuchaji ambayo umeme ukikatika inabaki inawaka, na mabomba mawili ya chuma ukutani ya kushika wakati wa kukaa na kuinuka. Hayo mabomba fundi aliyachomelea kwa mabaki ya geti, na ndiyo yaliyogharimu kidogo kuliko vyote. Jumla yote ilipita bei ya runinga kwa kiasi, tukachangia wote watano, mmoja wetu akinung'unika kwamba kwa fedha hiyo tungeweka marumaru kibarazani.

Desemba iliyofuata nilifika jioni, nikakuta wageni wametangulia: mama wawili wa jumuiya na shangazi yangu kutoka Machame. Sebuleni hapakuwa na mtu. Runinga imezimwa. Sauti zao zilikuwa zinatoka nyuma, kwa mama, kwa hiyo nikapita moja kwa moja. Walikuwa wamejibana mlangoni, shangazi yuko ndani anajaribu kile chuma cha ukutani, anakaa, anainuka, anakaa tena, na mama anamwelekeza mkono uwekwe wapi. Shangazi aliposimama, mama akashusha mfuniko wa choo taratibu, akautandikia kitambaa chake cha kufuma, cheupe, chenye maua, akakinyoosha pembe zote nne.